Kijivu cha Nani?

Ukichora sura ya mtu kwa rangi moja, watu hudhani umelikwepa swali la rangi. Nyeusi, nyeupe, na kijivu katikati, basi. Hakuna mweusi ti, hakuna maji ya kunde, hakuna rangi ya thao. Mimi huchora sura kwa eabrashi, kwenye mabati ya matatu na kwenye mbao za kutundikwa sebuleni, na naona ni kinyume. Swali la ngozi hunibana zaidi pale nilipo na kikombe cha nyeusi, kikombe cha nyeupe, na mteja nyuma yangu anasema, "Mng'arishe kidogo, bro."

Hilo "kidogo" ndilo nataka tulifikirie. Je, ni uongo? Na kama ni uongo, nani anaumia?

Twende kwanza kazini, maana uamuzi huanza kabla sura haijaonekana. Bati la nganya huja na rangi yake ya zamani, inayong'aa, na rangi mpya haishiki vizuri juu ya mng'ao. Unalipiga msasa wa maji, namba 400, kisha 600, mpaka lote lififie. Unafuta mafuta, kwa sababu hata alama ya kidole inaweza kujitokeza baadaye. Unapiga praima, unasubiri ikauke, unarudi na msasa laini wa 800. Ukipitisha kiganja na bado unahisi mkwaruzo, hujamaliza.

Kisha unachagua rangi ya chini. Ukianza na nyeupe, kazi yako ni kuongeza giza. Mwanga ni pale ambapo hukugusa. Ukianza na nyeusi, giza ndilo mwenyeji, na mwanga ni mgeni anayebisha hodi kwenye paji la uso, puani, kwenye mdomo wa chini. Chukua picha moja ya simu, ichore juu ya mabati haya mawili, uone kama hutapata ndugu wawili. Mkono ukichoka mapema, wa kwanza atabaki mweupe kuliko alivyo, wa pili mweusi kuliko alivyo. Hakuna pa kuanzia pasipo na upande.

Halafu kuna kijivu chenyewe. Nyeusi na nyeupe tupu hutoa kijivu kinachoelekea buluu. Ukipuliza nyeupe nyepesi juu ya nyeusi, ubuluu unazidi, kama moshi wa jiko mbele ya ukuta wa giza. Kwenye mawingu au chuma inapendeza. Kwenye ngozi ya mtu inatoa maiti. Dawa yake ni matone ya kahawia ya udongo, machache kiasi kwamba mtazamaji hayajui, na uso unapata damu. Kwa hiyo hata picha tunayoiita ya rangi moja inahitaji udongo kidogo ndani yake.

Mimi huchanganya vikombe saba, kutoka nyeupe hadi nyeusi, rangi nyepesi kama maziwa ili ipite kwenye sindano. Mtu mweusi sana, ngozi yake iko zaidi kwenye kikombe cha tano na cha sita. Lakini usidhani hana mwanga. Ngozi nyeusi huurudisha mwanga kwa ukali: kamstari juu ya mfupa wa shavu, nukta kwenye ncha ya pua. Kikombe cha kwanza kina kazi kwake, ila mahali padogo sana. Kung'aa kunatokana na umbali kati ya giza na mwanga. Ukiuinua uso wote hadi kikombe cha tatu, umeufuta umbali huo. Amekuwa mweupe na ameacha kung'aa. Ndiyo maana mteja akitaka mtu wake ang'ae, mara nyingi jibu la fundi ni kuongeza giza.

Na picha ninayoletewa si shahidi safi. Tangu miaka ya 1950, Kodak ilisambaza kadi za kupimia rangi zilizokuja kuitwa kadi za Shirley, zenye picha ya mwanamke Mzungu. Ngozi yake ikitoka sawa, kazi imetoka sawa. Mwafrika kwenye picha hiyohiyo angeweza kubaki macho na meno tu. Leo simu nyingi hulainisha ngozi na kuipandisha mwanga hata hujaiomba. Mteja ananionyesha sura iliyong'arishwa tayari, kisha ananiambia niongeze.

Utanijibu: pesa ni ya mteja, sura ni ya mteja, na sanaa si kitambulisho. Amy Sherald, mchoraji mweusi wa Marekani, hupaka ngozi za watu wake kijivu makusudi. Picha yake ya Michelle Obama ilipozinduliwa Washington, Februari 2018, kuna waliolalamika kwamba hawamwoni Michelle wanayemjua. Lakini kijivu chake hakijifichi. Gauni lina rangi, ukuta nyuma una rangi, ngozi ndiyo haina, na unalazimika kujiuliza kwa nini. Kijivu cha "mng'arishe kidogo" hufanikiwa pale tu ambapo hakuna anayejiuliza.

Sisemi kila kurembesha ni dhambi. Chunusi naiondoa bila kuulizwa. Wiki ijayo haingekuwepo. Kovu nauliza kwanza, kwa sababu kuna watu wanalipenda kovu lao. Rangi ya ngozi si chunusi wala kovu. Haikumpata mtu, alikuja nayo.

Ila hata sheria hiyo inavunjika. Tuseme mama analeta picha ya mwanawe aliyefariki, ya miezi ya mwisho, na anasema, "Ugonjwa ulimfanya mweusi, hakuwa hivi." Hapo kumng'arisha ndiko kusema kweli. Kung'ang'ania picha ilivyo kungekuwa kumzika na ugonjwa wake. Kwa hiyo ukweli ninaoudaiwa si ule wa picha, wala wa kile mteja anachotamani. Naudaiwa na mtu mwenyewe, alivyojulikana na waliokaa naye. Sasa badala ya kukataa au kukubali, nauliza: unamkumbuka siku gani?

Na nani anaumia? Mara nyingi marehemu hana habari na mteja anaondoka akitabasamu. Mimi humfikiria binti aliyerithi ngozi ya baba yake. Kila jioni anakula chini ya picha ile. Hakuna aliyemwambia neno baya, lakini ukutani anaona kwamba familia yake, ilipotaka kumheshimu baba, ilianza kwa kumwondolea kitu ambacho yeye bado anacho. Huyo hakuwepo tulipopatana bei.

Kwa hiyo siku hizi, kabla sijagusa bati, napiga praima vipande viwili vya ubao, kimoja nakianza na nyeupe, kingine na nyeusi, na juu ya kila kimoja nachora shavu moja tu la mtu huyo. Naomba mteja aje na mtu mwingine wa nyumbani, ikiwezekana yule anayefanana na marehemu. Vipande navisimamisha juani, kisha mimi naenda kuosha vikombe na kuwaacha wabishane.