Aionaye Hatari Ana Deni

Katika masika ya mwaka 2024 mito ya Nairobi ilifurika hata ikaingia majumbani mwa watu wa Mathare na Mukuru, na roho za watu zikapotea. Mwanzoni mwa Mei serikali iliwaamuru wakaao kandokando ya mito wahame kwa muda wa saa 24. Nyumba nyingi zikabomolewa, na Rais William Ruto akatangaza kwamba kila jamaa iliyohamishwa itapewa shilingi 10,000 za kutafutia makazi. Moja katika dawa zinazotajwa kwa maradhi haya ni ndege ndogo zisizo na rubani, ziitwazo droni, ili ijulikane mapema ni nyumba zipi zitakazofikiwa na maji, na ni nani ahamishwe.

Hatuulizi kama chombo hiki chafaa, kwani chafaa. Twauliza hivi: mtu aliyeiona hatari ya mwenziwe kutoka juu, amepata haki gani juu yake, na ameingia deni gani?

Kwanza tuieleze kazi yenyewe. Droni hupita juu ya mtaa ikipiga picha nyingi zinazopandana. Picha hizo huunganishwa kwa kompyuta zikawa ramani yenye kuonyesha mapaa, njia, mifereji na kimo cha ardhi. Na kwa kimo hicho hujulikana maji yatapita wapi na yatatuama wapi. Jambo hili si geni katika nchi zetu. Unguja na Pemba zilianza kupigwa picha hivyo mwaka 2016. Dar es Salaam, kazi iitwayo Ramani Huria, iliyoanza mwaka 2015, ilitumia droni pamoja na wanafunzi wa vyuo vikuu waliotembea mitaani kwa miguu na kuwauliza wenyeji. Hapo pana funzo kubwa. Jicho la juu laona paa, lakini halioni alama ya maji iliyobaki ukutani, wala mfereji ulioziba taka chini ya kivuko. Hayo ayajuaye ni mwenyeji. Ramani isiyomuuliza mwenyeji ni nusu ya elimu, na nusu ya elimu ikitiwa mkononi mwa mwenye tingatinga yaweza kuwa balaa kamili.

Wako wasemao: aliyejenga bondeni amejidhulumu mwenyewe, na aondolewe bila ya maneno mengi. Twawajibu kwa kuuliza: ni nani aliyempeleka huko? Nairobi ilianza mwaka 1899 kuwa kituo cha reli katika uwanda wa kinamasi. Wakoloni wakajitwalia vilima vya magharibi na kaskazini, na Waafrika wakasukumiwa mashariki, ambako ndiko maji yateremkiako. Mkoloni amekwenda, lakini maji hayakubadili njia. Maskini wa leo hukaa kando ya mto kwa kuwa kodi ni nafuu na kazi i karibu. Hakuichagua hatari, alichagua chakula cha wanawe.

Tena kuna jambo ambalo wengi hulipita. Mto Nairobi watoka kinamasi cha Ondiri, upande wa Kikuyu, ukateremka magharibi mwa mji, ukapita Chiromo na pembeni mwa kati ya mji, kisha ukaifikia Gikomba. Huko juu, Kileleshwa, Kilimani na Westlands, nyumba za bustani zimegeuka maghorofa, na udongo uliokuwa ukinywa mvua umefunikwa kwa saruji na lami. Maji yasiyonywewa juu hushuka chini kwa kasi. Basi mwenye ghorofa hulala pakavu, na maji ya uani mwake yakamwamshe mwingine usiku. Droni ikitumwa kwa wa chini tu, isitumwe kwa wa juu, imekuwa kama shahidi aliyeambiwa aseme nusu ya aliyoyaona. Kwamba wakubwa nao huweza kufikiwa na sheria kulionekana Agosti 2018, yalipobomolewa jumba la Ukay pale Westlands na la South End kwenye barabara ya Lang'ata, kwa kusemwa kuwa yamejengwa juu ya njia ya mto. Yafaa jambo hilo liwe ada, lisiwe tukio la mwaka mmoja.

Upande wa pili wako wasemao: kuzitazama nyua za watu kutoka angani ni kuvunja stara, waachwe. Stara ni kitu kikubwa, wala hatuidharau. Lakini mkwezi wa miji yetu akitaka kupanda mnazi uliopakana na ua wa watu hupiga hodi kwanza, ili walio ndani wajisitiri. Wala hatukusikia mtu akisema mnazi usipandwe. Basi mtaa uambiwe siku ya droni, na sababu yake, na picha zitakaa kwa nani. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu yataka mambo kama hayo.

Je, aliyeonywa akikataa kuhama? Mtu mzima aweza kujihatarisha nafsi yake, lakini mtoto aliyelala kitandani hakuulizwa. Maji yakikaribia, kumwondoa kwa nguvu kwaweza kuwa haki. Hata hivyo haki hiyo haifuti deni. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 huko Dar es Salaam, watu wa bonde la Msimbazi walipewa viwanja Mabwepande, mbali na mji. Baadhi yao walirudi bondeni, kwani kiwanja hakiliki. Kumtoa mtu majini ukamtupa kwenye njaa si kumwokoa.

Kwa hivyo twasema: anayeirusha droni apige hodi, awaonyeshe waliopigwa picha kile alichokiona, atazame juu ya mto kama atazamavyo chini, na asimhamishe mtu ila pawe na mahali pa kumweka, penye kazi, shule na maji ya kunywa. Akishindwa na hayo, ujuzi wake utakuwa hoja juu yake, kwani asiyejua ana udhuru, na aliyejua akanyamaza hana.

Nasi wa pwani tusiyasome haya kama khabari za bara. Mvua za Novemba 2023 ziliingia majumbani hapa Mombasa pia. Kila mwenye kujenga na atazame leo maji ya ua wake yaenda kwa nani.