Viroboto wa Bweni la 28

Februari 1944, Corrie ten Boom, fundi saa wa Haarlem, Uholanzi, alikamatwa pamoja na baba na ndugu zake kwa kuwaficha Wayahudi waliosakwa na Wanazi. Baba, mzee wa miaka 84, alifariki kizuizini baada ya siku 10. Corrie na dada yake Betsie wakaishia Ravensbrück, kambi ya wanawake nchini Ujerumani.

Bweni lao, namba 28, lilijaa viroboto. Betsie akamshukuru Mungu hata kwa wadudu hao. Corrie akaona dada yake amepita kiasi.

Wakashangaa kwamba walinzi hawaingii ndani. Kumbe waliogopa viroboto! Chini ya taa hafifu, wanawake wa mataifa mbalimbali walikusanyika kusikiliza Biblia iliyoingizwa kambini kwa siri.

Uovu haukugeuka kuwa wema. Betsie alifia kambini humo Desemba mwaka huohuo. Imani ya Kikristo haiupambi uovu. Inakiri kwamba hata nyuma ya seng'enge zile, Mungu alikuwa bado anatawala. Wiki mbili hivi baada ya kifo cha Betsie, Corrie aliachiwa, na kwa miaka 30 hivi akazunguka nchi baada ya nchi akisimulia habari za wale viroboto.