Dhiki ya Wawili na Dhiki ya Mmoja

Wazee wetu walituachia neno hili: Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Tangu utoto twalisikia, nasi twalikubali pasipo kuuliza. Lakini neno la hekima halipungui kwa kupimwa, bali hupata nguvu. Basi, wapenzi wasomaji, leo twataka kulipima kwa habari ya watu wawili waliosafiri pamoja katika pande za mbali za kaskazini, mahali ambapo mwezi wa Mei na wa Juni jua halichwi kabisa, bali lazunguka mbinguni usiku na mchana. Na swali letu ni hili: Mtu aliyetufaa katika shida iliyotushika sisi na yeye pamoja, je, urafiki wake umekwisha kupimwa? Au kimesalia kipimo kingine?

Watu hao walikuwa wenyeji wa Norwei. Wa kwanza ni Fridtjof Nansen, aliyezaliwa mwaka wa 1861, mtu wa elimu na mwenye jina. Wa pili ni Hjalmar Johansen, aliyezaliwa mwaka wa 1867. Mwaka wa 1893 Nansen aliondoka na merikebu yake Fram, akikusudia iachwe ishikwe na barafu, ichukuliwe na mkondo wa bahari kuelekea Ncha ya Kaskazini. Johansen alitamani mno kwenda naye. Na kwa kuwa nafasi zote zilikuwa zimejaa, alikubali kuwa mchochea moto wa mashine, ijapokuwa alikuwa afisa katika jeshi. Hata ilipoonekana kwamba merikebu haitafika Nchani, hao wawili waliiacha tarehe 14 Machi 1895, wakaenda kwa miguu juu ya barafu ya bahari. Walikuwa na mbwa 28, mitumbwi 2 myepesi, na sleji 3, yaani vyombo visivyo na magurudumu vikokotwavyo juu ya barafu. Tarehe 8 Aprili wakafika digrii 86 na dakika 14 za kaskazini, mbali kuliko watu wote waliojulikana kabla yao. Hapo barafu ikawashinda, wakageuka kuitafuta nchi kavu.

Marejeo yao yalikuwa magumu. Siku moja walikwenda mwendo mrefu mno, wakasahau kutia saa zao ufunguo, zote mbili zikasimama. Tangu siku hiyo hawakuwa na hakika ya mahali walipo. Chakula kilipopungua waliwachinja mbwa mmoja mmoja ili kuwalisha wale waliosalia. Mwezi wa Agosti walipofika penye maji, mbwa 2 tu walibaki, wala hawakuweza kuchukuliwa katika mitumbwi. Basi Nansen alimpiga risasi mbwa wa Johansen, na Johansen mbwa wa Nansen, kila mmoja akimwondolea mwenziwe uchungu wa kumwua mnyama wake mwenyewe. Mwezi huo huo dubu mweupe alimwangusha Johansen. Naye akamshika kooni kwa mkono wake, akamwambia mwenziwe afanye haraka, hata Nansen akaipata bunduki na kumwua dubu.

Kipupwe kilipoingia walikuwa katika visiwa viitwavyo Franz Josef. Wakachimba ardhi, wakajenga kibanda cha mawe, wakakiezeka kwa ngozi za walrasi, ndiye mnyama mkubwa wa baharini mwenye meno mawili marefu kama pembe za ndovu. Humo walikaa gizani miezi mingi, wakila nyama ya dubu, wakiwasha taa ya mafuta ya wanyama, wakilala pamoja katika mfuko mmoja ili wapate joto. Tena yasimuliwa jambo la kustaajabisha. Katika lugha yao lilikuwako neno moja la kumwita mtu wa heshima au mgeni, na neno jingine la kumwita ndugu au rafiki. Muda wa miezi 9 walishiriki mfuko mmoja na sufuria moja, huku wakiitana kwa neno la mgeni; ndipo usiku wa kuamkia mwaka wa 1896 walipokubaliana kuitana kwa neno la rafiki. Twajifunza hapa kwamba miili yaweza kukaribiana muda mrefu kabla mioyo haijakaribiana.

Tarehe 19 Mei 1896, jua likiwa limekwisha kurudi na ndege wamejaa majabalini, waliondoka kibandani kwenda kusini. Tarehe 12 Juni waliifunga mitumbwi yao kwenye ukingo wa barafu, wakapanda juu kutazama njia. Mara wakaona mitumbwi imekatika kamba, yachukuliwa na upepo. Ndani yake vilikuwamo bunduki, chakula, na vyote walivyokuwa navyo. Nansen akavua baadhi ya nguo, akajitupa katika maji ya barafu, akaogelea hata viungo vyake vikakaribia kufa ganzi, akaifikia. Johansen alikuwa akitembea huku na huku juu ya barafu, asiweze neno. Mwenziwe aliporudi, alimvua nguo zenye maji, akamtia katika mfuko, akamfunika kwa kila kitu alichokipata. Siku 5 baadaye, tarehe 17 Juni, wakasikia sauti ya mbwa, wakakutana na Mwingereza Frederick Jackson aliyekuwa na kambi huko. Ndivyo walivyookoka.

Sasa na tutafakari. Kila mmoja alimfaa mwenziwe kwa dhiki, tena si mara moja. Lakini je, angaliweza kufanya vinginevyo? Aliyeogelea aliogelea kwa ajili ya uhai wake mwenyewe na wa mwenziwe. Na aliyebaki juu ya barafu alijua kwamba yule akizama, yeye naye amekufa. Hatusemi neno hili ili kuudharau ushujaa wao. Twasema tu kwamba katika safari ya namna hiyo upendo na haja hukanyaga unyayo mmoja, wala macho hayawezi kutambua upi ni wa upendo na upi ni wa haja. Hiyo ndiyo dhiki ya wawili. Hufundisha mengi, huunganisha watu, lakini haikamilishi kipimo.

Kipimo huja njia zinapoachana. Walipofika kwao mwezi wa Agosti 1896 walipokewa kwa shangwe. Nansen akaendelea katika heshima: mwalimu wa chuo kikuu, kisha mjumbe wa nchi yake huko London. Johansen aliingiwa na ulevi, akaondoka jeshini, na nyumba yake ikaharibika. Hii ilikuwa dhiki ya mmoja. Nansen hakumsahau kabisa. Alimwomba Roald Amundsen amchukue Johansen katika safari ya kusini ya mwaka wa 1910, naye akachukuliwa.

Huko kusini likatokea jambo linalotufundisha kuliko yote. Mwezi wa Septemba 1911 Amundsen alitoka mapema mno kuielekea Ncha ya Kusini, baridi ikawashinda, wakarudi mbio kambini, kila mtu akitafuta kufika. Kijana mmoja, Kristian Prestrud, aliachwa nyuma, miguu yake imeumizwa na baridi. Johansen aliweza kwenda mbele kama wengine, wala hapana ambaye angalimlaumu. Lakini alimngoja, akaenda kwa mwendo wa yule mgonjwa, akamfikisha kambini usiku sana. Hapa haja na upendo zilikuwa zimeachana njia, kila mtu aweza kuona unyayo ni wa nani. Asubuhi yake Johansen alimkemea mkuu wake mbele ya wote kwa kuwaacha watu nyuma. Na kwa ajili hiyo aliondolewa katika kundi lililofika Nchani tarehe 14 Desemba 1911. Alirudi kwao bila heshima, na mwezi wa Januari 1913 alijitoa uhai katika mji mkuu wa Norwei.

Si kazi yetu kumtafuta mwenye hatia. Nansen mwenyewe baadaye, tangu mwaka wa 1921, alipewa na Shirika la Mataifa kazi ya kuwaangalia wakimbizi, akawatumikia watu wengi sana ambao hakupata kusafiri nao hata hatua moja; akapewa tuzo ya amani ya Nobel mwaka wa 1922. Twauliza tu habari zetu sisi.

Labda mtu atasema: Je, nimchukue mgongoni maisha yangu yote kila niliyesafiri naye? La, hakuna awezaye. Tena atasema: Dhiki ya mlevi ameileta mwenyewe. Mara nyingi ni kweli. Lakini tuangalie kwa nini dhiki ya barafuni ni rahisi kuihurumia. Ile ina sifa. Husimuliwa, na aliyemo hutukuzwa. Dhiki ya nyumbani haina sifa: yarudi kila juma, yanuka pombe, yaomba fedha, yaaibisha. Basi twamkumbuka rafiki katika hadithi ya safari yetu, nasi twaikwepa njia ipitayo mlangoni pake. Asiyeweza kumchukua mwenziwe aweza kumngoja. Asiyeweza kumngoja siku nzima aweza kumwuliza hali, na kukaa naye saa moja bila kuona haya.

Kwa hiyo neno la wazee limesimama, ikiwa twalisoma vema. Halikusema dhiki yetu, bali dhiki yako. Yule aliyevuka mto pamoja nasi kwa kuwa naye alitaka kuvuka, na tumshukuru. Lakini atakayeurudia mto kwa ajili yetu, hali yeye amekwisha kufika ng'ambo, huyo ndiye wazee waliyemwita rafiki. Na kabla hatujahesabu ni wangapi walio hivyo kwetu, yatupasa kuhesabu sisi wenyewe tu hivyo kwa nani.