Mbwa wa ulinzi naye ana haki

Ndugu Waislamu, hapa Dodoma nyumba za ukuta na geti zinaongezeka, na mara kwa mara naulizwa: "Ustadhi, yafaa kufuga boerboel, lile jibwa la Afrika Kusini lifikalo hata kilo 80?"

Mtume (s.a.w.), katika hadithi walizopokea Bukhari na Muslim, ameruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Afugaye bila haja hupungukiwa thawabu kila siku. Imam Nawawi aliona ulinzi wa nyumba nao unaingia humo kwa qiyas.

Katika madhehebu yetu ya Shafi, chombo alichoramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hilo twalishika sana. Lakini mbwa kufungwa mnyororo juani mchana kutwa, sufuria lake kavu, mbona hatuulizi hukumu yake? Aliyemnywesha mbwa mwenye kiu alisamehewa; aliyemfungia paka hadi akafa njaa aliingia motoni.

Jibwa hilo lataka kivuli, maji, chakula kingi na chanjo ya kichaa cha mbwa. Asiyemudu hayo, na aajiri mlinzi. Kiu ya mnyama tuliyemfunga sisi, tutaulizwa sisi.

Wallahu a'alam.