Kumfungia Mtumiaji: Kinga au Adhabu

Kumfungia mtumiaji ni kuizuia akaunti yake isiandike tena katika jamii fulani ya mtandaoni, kwa saa chache, kwa miezi au moja kwa moja. Hatua hii si sawa na kufuta maandishi. Anayefuta huhukumu neno lililokwisha kusemwa. Anayefungia huzuia maneno ambayo bado hayajasemwa, na pamoja na matusi yanayohofiwa huzuia pia swali la maana, masahihisho, hata samahani ambayo huenda ingeombwa. Msimamizi wa grupu la WhatsApp anayemtoa mwanachama anatabiri, apende asipende, mwenendo wa mtu, na hapo ndipo ugumu wa kifalsafa unapoanzia.

Ugumu huo ulijitokeza wazi mwaka 1993 katika LambdaMOO, jamii ya mtandaoni iliyoanzishwa na Pavel Curtis na kuendeshwa kutoka maabara ya Xerox huko Palo Alto, California. Hapakuwa na picha wala sauti. Kila mtu alikuwa na mhusika wake, na kila tendo liliandikwa. Mhusika aliyejiita Mr. Bungle alitumia programu iliyomwezesha kuwaandikia wenzake matendo wasiyoyaridhia, akawadhalilisha kingono mbele ya wote waliokuwa ukumbini. Wapo waliosema hakuna haja ya kumfukuza, kwa kuwa kila mtu alikuwa na amri ya kumziba Bungle mdomo na kutoisoma kauli yake. Jibu walilopewa lina uzito hadi leo: aliyeziba huacha kuona, lakini ukumbi mzima unaendelea kumtazama akidhalilishwa. Kinga ya mmoja mmoja hailindi hadhi, kwa sababu hadhi ya mtu imo machoni pa wengine.

Wanachama walikutana kulijadili tukio hilo na kuachana bila uamuzi. Kisha msimamizi mmoja akamfuta Bungle kwa uamuzi wake mwenyewe. Julian Dibbell, aliyesimulia mkasa huo katika gazeti la Village Voice mwaka huohuo, anaeleza kwamba baadaye mtu yuleyule alirudi kwa jina jingine, Dr. Jest. Curtis naye akaweka utaratibu wa wanachama kuwasilisha hoja na kuzipigia kura.

Je, kilichomfika Bungle kilikuwa adhabu? Wikipedia ya Kiingereza imeandika katika kanuni zake kwamba kufungia ni kwa ajili ya kuzuia madhara, si kuadhibu. Kanuni hiyo ina makali yake. Mtu aliyetukana mwezi uliopita na kunyamaza tangu hapo hafai kufungiwa leo, hata kama aliowatukana bado wana uchungu, kwa sababu hakuna tena cha kukinga. Athene ya karne ya 5 KK ilikuwa na mfano wa kale wa kumwondoa mtu bila kumtia hatiani: raia walipiga kura kwa kuandika jina kwenye kigae, na aliyeondolewa aliishi nje ya mji miaka 10, mali yake ikiwa salama, kisha akarudi na haki zake zote. Muda ulijulikana tangu siku ya kwanza.

Kinga isiyo na muda huwa jambo jingine. Adhabu ina kipimo, maana hulinganishwa na kosa na kumalizika. Hatari haina mwisho unaoonekana, na daima anaweza kupatikana mtu wa kusema kwamba bado ipo. Kwa hiyo nadharia ya kinga, ambayo kwa sura ni ya upole, inaweza kumfungia mtu maisha kwa kosa dogo na ikaendelea kujiita tahadhari.

Inaweza pia kuwaangukia wasiohusika. Akaunti si mtu: mmoja huwa na akaunti kumi, na anwani moja ya IP hubeba maelfu ya watu. Mwanzoni mwa Januari 2007 ilifungiwa katika Wikipedia ya Kiingereza anwani moja iliyotumiwa kuharibu makala. Ikabainika kwamba mawasiliano ya karibu Qatar yote yalipitia hapo, na kwa saa kadhaa wasio na akaunti nchini humo hawakuweza kuhariri. Afrika tatizo hili halijaisha, kwa kuwa kampuni za simu huwapitisha wateja wengi kwenye anwani chache. Mwanafunzi anayeandika makala kwa bando la simu yake hukuta tangazo kwamba amefungiwa kwa uharibifu wa mtu asiyemjua. Kwa mizani ya kinga hiyo ni gharama inayovumilika. Kwa mizani ya haki ni dhuluma, na mizani hii ya pili ndiyo inayostahili kusikilizwa kwanza.

Utafiti umeuliza zaidi kama hatua hizi zinafaulu. Reddit ilipofunga vikundi kadhaa mwaka 2015, Eshwar Chandrasekharan na wenzake walifuatilia wanachama wa viwili kati ya hivyo, kimoja cha kuwadhihaki wanene na kingine cha kuwabagua watu weusi. Matokeo waliyochapisha mwaka 2017 yanaonyesha kwamba wengi waliihama Reddit, na waliobaki walipunguza lugha ya chuki kwa angalau asilimia 80. Kilichofungwa pale ni vikundi, si mtu mmoja mmoja, lakini swali ni lilelile. Mwaka 2021 Manoel Horta Ribeiro na wenzake waliwafuata watu wa vikundi vingine viwili hadi kwenye tovuti walizojianzishia. Idadi ilishuka, ila katika kimojawapo, The_Donald, dalili za uhasama na misimamo mikali zilipanda. Kwa hiyo anayesema hatua ilifaulu lazima ataje ilifaulu wapi: nyumbani kwa aliyefunga, au katika jamii pana inayowapokea waliofukuzwa.

Namna ya kufungia nayo ina uzito, na tafiti za kufuta maandishi zinadokeza kwa nini. Justin Cheng na wenzake, walipochunguza mwaka 2015 maoni ya wasomaji katika tovuti za CNN, Breitbart na IGN, waliona kwamba kati ya watu wenye maandishi ya ubora uleule, waliofutiwa mara nyingi waliandika vibaya zaidi baadaye. Shagun Jhaver na wenzake nao walionyesha mwaka 2019 kwamba watumiaji wa Reddit walioelezwa sababu ya kufutiwa hawakurudia kosa kwa kiasi kile cha wasioelezwa. Kumpa mtu sababu ni kukiri kwamba anaweza kufikiri na kubadilika, na hilo ndilo utabiri wa msimamizi unalolikana.

Tangu mwaka 2019 matoleo kadhaa ya Wikipedia yameweza kumzuia mtu katika ukurasa mmoja tu alikogombana, huku kwingine akiendelea na kazi. Aliyefungiwa kabisa kwa kawaida huachiwa ukurasa wake wa majadiliano ili aombe kufunguliwa, na kwa desturi ya toleo la Kiingereza ombi hilo halikataliwi na msimamizi yuleyule aliyemfungia.