Tusisubiri Zamu Yetu: Funzo la Jaji Kiwanuka

Tarehe 25 Januari 1971 Redio Uganda ilitangaza kwamba jeshi limempindua Rais Milton Obote, aliyekuwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Watu wa Kampala walimiminika barabarani wakiimba. Hawakuwa wajinga. Obote alikuwa amefuta katiba, Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, alikuwa amefia uhamishoni London, na wapinzani walikuwa wamewekwa kizuizini bila kesi. Sasa kiongozi wa mapinduzi, Idi Amin, alisema yeye ni askari, si mwanasiasa, na kwamba uchaguzi utafanyika.

Siku chache baadaye aliwafungulia wafungwa wa kisiasa. Mmoja wao alikuwa Benedicto Kiwanuka, mwanasheria aliyewahi kuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda. Mwaka huohuo Amin alimteua kuwa Jaji Mkuu, na mwili wa Kabaka ukarudishwa nyumbani kuzikwa kwa heshima. Uingereza iliitambua serikali mpya kabla ya wiki mbili kupita. Nasoma habari za miezi hiyo na kujiuliza: mimi ningekuwa wapi? Huenda ningekuwa barabarani pamoja nao, nikiimba kwa sauti kubwa. Kwa hiyo sisimulii kisa hiki ili kuwalaumu. Nakisimulia kwa sababu kosa lao linaweza kuwa letu.

Dalili zilikuwepo, na za kwanza zilikuwa za zamani. Mwaka 1962, akiwa ofisa wa jeshi la kikoloni, Amin alituhumiwa kuhusika na mauaji ya wafugaji wa Kiturkana kaskazini mwa Kenya. Uhuru wa Uganda ulikuwa karibu, na maofisa Waafrika walikuwa wachache mno. Obote alipoombwa ushauri, hakutaka Amin ashtakiwe. Amin alipewa onyo, akaendelea na kazi. Mwaka 1966 Obote huyohuyo alimtuma kuongoza mashambulizi dhidi ya kasri la Kabaka huko Mengo. Alimwona ni mtu wa manufaa, maana aliwapiga wale aliotaka wapigwe. Miaka mitano baadaye zamu ya Obote ikafika.

Dalili ya pili ilionekana mara tu baada ya mapinduzi. Ndani ya kambi za jeshi, Jinja na Mbarara zikiwemo, askari wa Kiacholi na Kilangi walianza kuuawa kwa sababu ya kabila lao. Habari zilivuja, lakini raia wengi waliziona kuwa ni mambo ya wanajeshi wenyewe. Dalili ya tatu haikufichwa hata kidogo: amri iliyotolewa mwaka huohuo wa 1971 iliwapa askari mamlaka ya kukamata raia. Siku askari anaporuhusiwa kumchukua mtu bila kumjibu hakimu, hakuna mlango ulio salama, hata kama leo anagonga kwa jirani.

Kisha ikaja Agosti 1972. Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini. Makumi ya maelfu ya watu waliacha maduka, viwanda na nyumba walizozijenga kwa vizazi. Wengi walishangilia, wakiamini kuwa sasa uchumi unarudi kwa mwananchi. Mali nyingi ziliishia mikononi mwa maofisa wa jeshi na marafiki wa utawala, na baada ya muda sukari na chumvi zikawa vitu vya kutafutwa.

Siku hizo 90 hazikuwa zimekwisha wakati Jaji Kiwanuka alipofikiwa. Alikuwa ameamuru kuachiwa kwa Mwingereza aliyekuwa akishikiliwa kinyume cha sheria. Tarehe 21 Septemba 1972 watu wa Amin walimkamata ndani ya jengo la Mahakama Kuu mchana kweupe, wakamwingiza garini. Hakurudi tena, na familia yake haikupewa mwili wa kuzika. Mkono uliomfungulia gereza ndio uliomwangamiza. Kama Jaji Mkuu alichukuliwa hivyo akiwa kazini, mkulima wa kijijini angemlilia nani?

Baada ya hapo kusema kulikuwa kugumu. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa pamoja na mawaziri wawili, na serikali ikatangaza kuwa ni ajali ya gari. Makadirio ya waliouawa katika miaka minane ya Amin yanaanzia 80,000 na kufika 300,000, na wapo wanaotaja idadi kubwa zaidi. Oktoba 1978 majeshi yake yalivamia eneo la Kagera nchini Tanzania, na ndugu zetu wa huko wakauawa na kuporwa. Aprili 1979 majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda yaliingia Kampala.

Amin alikimbia, na mwaka 2003 akafia Jeddah bila kusimamishwa mbele ya hakimu. Mahakama haikumhukumu, hivyo hukumu imebaki kwa historia, na historia ni sisi tunaokumbuka na kusimulia. Uganda hupumzika kila tarehe 16 Februari kwa heshima ya Luwum, na mahakama zake humuenzi Kiwanuka kwa mhadhara wa kila mwaka. Hata hivyo, siku hizi wapo vijana wanaomsifu Amin kuwa shujaa aliyewatisha wazungu. Tusiwatukane. Tuketi nao, tuwasimulie habari za Kiwanuka.

Ndugu msomaji, wahenga walituusia tukiona mwenzetu ananyolewa, tutie zetu maji. Lakini kwa mtawala katili kutia maji hakutoshi. Lazima kuuliza kwa nini mwenzetu ananyolewa, na kuuliza mapema. Kiongozi akianza kumwonea mtu usiyempenda, usipige makofi. Akiahidi mema, mpime kwa anavyomtendea asiye na mtetezi. Na mtu akichukuliwa bila kufikishwa mahakamani, litaje jina lake, awe wa kabila lako au la, wa chama chako au la. Tukisubiri hadi zamu yetu ifike, hatabaki wa kututaja.