JINA JEMA HALIPAKWI RANGI

Amma baad. Ndugu zetu Waislamu wa Amu, Shela, Matondoni, Pate, Siyu na Faza, tumeulizwa katika darasa yetu swali hili: Je, yafaa Muislamu kujijengea jina mbele za watu, hasa kijana mwenye biashara, ambaye zama hizi asipojitangaza kwa simu na picha hapati mnunuzi?

Twajibu, na tawfiki ni ya Mwenyezi Mungu. Mtu kujieleza kwa haki si haramu. Nabii Yusuf (a.s.) alimwambia mfalme wa Misri kwamba yeye ni mlinzi mwenye ujuzi, akataka awekwe juu ya hazina za nchi. Alisema alivyo, hakuzidisha. Na alisema kwa maslaha ya watu waliokuwa wakikabiliwa na miaka 7 ya njaa. Huo ndio mpaka wake: liwe kweli, na liwe na manufaa.

Linalokatazwa ni jina lisilokuwa na mtu ndani yake. Watazameni mafundi wa vyombo wa Matondoni. Fundi huanza na mkuku, akapanga mbao, akatia kalafati katika kila upenyo. Rangi huja mwisho. Chombo kilichopakwa rangi nzuri kikaachwa bila kalafati hupendeza kikiwa pwani. Kikishushwa, maji hayaulizi rangi. Na mwenye duka aliyetundika Ayatul Kursiyu ukutani, na chini yake mizani yapunja, huyo amepaka rangi tu. Asome Suratul Mutaffifin aone wapunjao wameahidiwa nini.

Mtume wetu (s.a.w.) aliitwa Al-Amin kabla ya kupewa utume. Hakujipa jina hilo; walimpa watu waliouziana naye na kuweka amana kwake. Alipokuwa na umri wa miaka 35, Makureshi waligombania kuliweka Jiwe Jeusi mahali pake, wakaridhia kuhukumiwa na wa kwanza atakayeingia. Akaingia yeye, nao wakafurahi kwa kuwa ni Mwaminifu. Na mwaka wa 622, alipohama Makka huku wakitaka kumuua, amana zao zilikuwa zingali kwake, akamwacha Sayyidna Ali nyuma azirudishe kwa wenyewe. Adui kumkana, na mali yake akampa amtunzie! Jina kama hilo halinunuliwi.

Sasa tuitazame hali yetu. Ifikapo Ramadhani huonekana picha za watu wakigawa unga na tende, na uso wa mjane apokeaye umewekwa wazi, auone mji mzima na walio ng'ambo. Mjane huyo amepewa kibaba cha unga akanyang'anywa sitara yake. Ni nani miongoni mwetu apendaye mamake apigwe picha hiyo? Qur'ani imetufundisha kuwa sadaka ya dhahiri ni njema na ya siri kwa mafakiri ni bora zaidi, na kwamba udhia na kujionyesha huibatilisha. Atakaye kuwahimiza wengine watoe, na apige picha magunia, aziache nyuso za watu.

Enyi vijana, tangazeni kazi zenu, lakini tangazo lisiitangulie kazi. Mchonga milango aseme mti aliotumia ni upi. Nahodha aseme bei moja kwa mgeni na kwa mwenyeji. Kasoro ya bidhaa itajwe kabla haijaulizwa. Na atakaye kujua jina lake hasa, asiwaulize wamsifuo. Amuulize jirani yake, aliyemkopesha fedha, mtumishi wake, na watu wa nyumbani mwake. Hao wamemwona bila rangi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azifanye siri zetu kuwa bora kuliko dhahiri zetu, na atuepushe na riya. Amin.